Beringi nne kwenye sinia

Sinia lilikuwa la pilau, na mwenye sinia hakuulizwa. Fundi alilipangusa, akatandika ukurasa wa gazeti, kisha akapanga beringi nne kwa mstari kama mchuuzi wa mayai: mbili kubwa za krenki kushoto, mbili ndogo za giaboksi kulia. Zote zilikuwa zimeoshwa kwa petroli mara mbili na kuanikwa juani, kazi ambayo Mandera haimalizi hata dakika tano. Ilikuwa saa nne asubuhi na mabati ya banda yalikuwa yameshaanza kutatarika kwa joto.

"Haya," akasema. "Tunarudisha au tunabadilisha?"

Tulikuwa watatu. Fundi, mzaliwa wa Kitui aliyezeekea kwenye spana. Mjomba wangu, ambaye sisi humwita abti kama Wasomali wote wanavyowaita kaka za mama zao. Na mimi niliyekuwa nikilipa. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na la kila mmoja lilikuwa na kichwa na miguu.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha AG100. Vijana wa pikipiki za Boksa waliojaa mjini siku hizi huitazama kama wanavyotazama redio ya mbao. Kampuni iliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya wafugaji wa mbali, watu wa malisho mapana na barabara za kubahatisha, ndiyo maana ina keria mbele na nyuma, vyuma vya kuikinga ikianguka, na mnyororo uliofunikwa ili mchanga usiule. Injini yake ni tustroki ya sisi mia kasoro kidogo, ile aina inayochoma oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu nyuma yake. Mashirika ya misaada na idara za serikali ziliisambaza Afrika nzima. Hii ya kwetu ilinunuliwa kwenye mnada baada ya ofisi moja kuichoka, na aliyeinunua ndiye aliyekuwa akiiendesha kwa kazi: abti.

Abti alikuwa mchanjaji wa ng'ombe. Kampeni ya bara zima ya kupambana na sotoka ilipoanza mwaka 1986, watu wa kazi yake ndio waliofunga masanduku ya chanjo kwenye keria na kuingia vichakani. Eneo hili la Wasomali, linalokatwa vipande na mipaka ya Kenya, Ethiopia na Somalia, ndilo lililokuwa maficho ya mwisho ya ugonjwa huo duniani. Mara ya mwisho virusi vyake kuonekana ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa kabisa na binadamu, baada ya ndui. Abti halitaji jambo hilo mara kwa mara. Ila ukimwambia pikipiki yake ni chuma chakavu, atakukumbusha.

Iliacha kutembea zamani, oili ya tustroki ilipoanza kuwa bidhaa ya kuagiza, ikaegeshwa kwenye kibanda cha shamba karibu na mto Daua. Hapo ingekaa salama. Mandera hupata mvua chini ya milimita 300 kwa mwaka, na kutu ya hapa ni mvivu ukiilinganisha na ya Mombasa, ambako chumvi ya bahari hula bolti ungali unaitazama. Lakini Novemba 2023 mvua za El Niño zilikuja kama deni la miaka yote likidaiwa siku moja. Daua ikafurika, mitaa ikazama, na maji yakaingia kibandani hadi nusu ya injini. Yalipita njia yaliyoijua yenyewe hadi kwenye chumba cha krenki, yakatuama humo.

Ndipo nilipoelewa kwamba beringi haihukumiwi kwa umri. Zile nne kwenye sinia zilitoka kiwandani pamoja, zikatembea kilomita zilezile, chini ya mpanda yuleyule. Lakini mbili za giaboksi zilikuwa zikiogelea kwenye oili nzito maisha yao yote, na oili hiyo haikutoka hata mafuriko yalipokuja. Mbili za krenki hazina bahati hiyo. Kwenye injini ya tustroki, krenki hailali kwenye oili. Inaishi kwa ukungu tu, ule mvuke wa petroli uliochanganyika na oili kidogo unaopita kuelekea kwenye silinda. Injini ikizimwa, ukungu unabaki kama jasho kwenye chuma, na baada ya miaka hata hilo jasho hukauka. Maji yalipoingia yalikuta chuma kitupu.

Fundi alichukua ya kwanza, ile ya upande wa magneti, akaitazama huku ameielekeza mlangoni. Hakuhitaji hata kuizungusha. Kwenye njia ya gololi, ndani ya pete ya nje, kulikuwa na mistari myeusi iliyopishana sawasawa, kama ngazi ndogo. Nafasi kati ya mstari na mstari ilikuwa sawa na nafasi kati ya gololi na gololi. Kila gololi ilikuwa imesimama mahali pamoja kwenye maji na kuandika jina lake.

"Hii imekufa," akasema, akaisukuma ukingoni mwa sinia. Hakuna aliyebisha.

Ya pili, ya upande wa klachi, ndiyo iliyoleta ubishi. Macho hayakuona kitu. Fundi akaidondoshea tone la oili nyepesi, kwa sababu beringi kavu hupiga kelele hata ikiwa nzima, akaitia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na kuizungusha kwa dole gumba la kulia, polepole, macho ameyafumba. Akaigeuza, akazungusha tena. Kisha akaileta sikioni mwangu. Ilitoa sauti ndogo laini, kama mchele unaomiminwa mbali. Hakuna kukwama, hakuna kokoto.

Kuizungusha polepole ndiyo siri. Vijana wa vibanda vya kuziba pancha wana mchezo wa kupuliza beringi kwa hewa ya kompresa mpaka inalia kama ambulensi, watoto wakashangilia. Beringi iliyooshwa ikakauka, ikizungushwa kwa kasi ile bila tone la oili, inajikwaruza yenyewe papo hapo. Unaitia mkononi nzima, unaishusha mgonjwa.

Abti alikuwa amenyamaza muda wote, ameegemea bakora. Sasa akasema, "Hiyo ni ya Japani. Rudisha."

Hoja yake haikuwa ya kizee kama inavyoonekana. Mandera iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi kwa barabara. Kinachopatikana madukani hapa huja kwa basi na lori kutoka huko, au huvuka kutoka Bula Hawa upande wa Somalia, au Suftu ng'ambo ya Daua upande wa Ethiopia. Mpaka na Somalia una historia ya kufunguliwa kwa maneno: Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kuufungua tena kwa awamu kuanzia hapa Mandera, na Julai mwaka huohuo mpango ukaahirishwa baada ya mashambulizi. Bidhaa hazikusubiri tangazo la kwanza wala hazikusikia la pili. Katika mkondo huo zinapita beringi zilizofungwa kwenye makasha yenye majina makubwa ya Japani na Sweden ambazo hazijawahi kuiona Japani wala Sweden.

Nilikuwa nazo mbili kama hizo. Nilizinunua dukani mjini kabla sijamwambia fundi, kwa haraka ya mtu anayedhani kutoa pesa ndiko kupiga hatua. Kasha lilikuwa zuri. Namba ilikuwa sahihi, na namba za beringi ni lugha ambayo kila mwenye pikipiki angejifunza kwa nusu saa. Chukua 6205: tarakimu mbili za mwisho, 05, zidisha kwa tano, unapata milimita 25, upana wa tundu la ndani. Ile 62 mwanzoni hutaja aina na unene. Kwa hiyo 6205 popote duniani ni tundu la milimita 25, upana wa nje 52, unene 15. Uzuri wa mfumo huo ni kwamba huhitaji kumwambia muuzaji jina la pikipiki yako. Ubaya wake ni kwamba yeyote mwenye mashine ya kuchonga herufi anaweza kuiandika.

Fundi alizichukua zangu, akazipima uzito kwa kiganja, akauliza, "C3 iko wapi?"

Haikuwapo. Alama hiyo ya C3 baada ya namba maana yake gololi zimeachiwa nafasi kubwa kidogo kuliko kawaida. Mtu asiyejua akiishika ataona inacheza, aseme imechakaa. Lakini krenki huingizwa kwenye pete ya ndani kwa kubana, na pete hiyo hupata joto jingi kuliko ile ya nje. Vyote viwili hula nafasi. Beringi isiyo na nafasi ya ziada itazunguka vizuri mezani, na injini ikishapata moto itajibana yenyewe kama mtu aliyevaa kiatu kidogo akaanza safari. Mchana wa hapa, joto likiwa nyuzi 38 kabla hujapiga kiki, safari hiyo ni fupi.

Tena zangu zilikuwa na vifuniko vya mpira pande zote mbili. Vinafaa kwenye gurudumu. Kwenye krenki ya tustroki vinazuia ule ukungu usiingie. Hata kama zingekuwa halisi, nilinunua kitu kisichofaa. Kwamba zilikuwa bandia tulikuja kuthibitisha baadaye, ingawa herufi zake zilizofifia upande mmoja zilishatosha kututia shaka. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008, na watengenezaji wakubwa wa beringi wana programu ya simu ya kusoma alama kwenye kasha. Mengine yote, kuanzia mng'aro mpaka bei, yanaweza kuigizwa.

Basi abti alikuwa na hoja: ya zamani tunaijua, mpya hatuijui. Kati ya chuma cha Japani kilichokula miaka na chuma kisicho na kwao, yeye anachagua mzee mwenzake.

Fundi alikuwa na yake. Beringi si kitu cha kuuzia mbuzi; ghali ni kuifikia. Ili uguse beringi ya krenki unatoa injini kwenye fremu, unafungua kichwa, silinda, pistoni, klachi, magneti, kisha unapasua injini nusu mbili kama embe. Siku mbili za kazi, gasketi mpya, na bolti moja lazima ikatike. Ukirudisha beringi ya wasiwasi ukaokoa pesa kidogo, halafu ikalia baada ya miezi mitatu, utafungua yote tena, safari hii labda uko Rhamu, kilomita kama 75 kutoka hapa, na pikipiki iko juu ya lori la mbuzi. Kwa hiyo mafundi wengi duniani wana kanuni: ukishafungua, badilisha zote.

Mimi kanuni hiyo siipendi. Inafaa mtu anayeishi karibu na duka la kuaminika. Na ina gharama ambayo haisemwi. Kila beringi unayoitoa na kuingiza nyingine inalegeza nyumba yake kidogo. Nyumba ya beringi ni tundu lililochongwa kwenye aluminiamu, na aluminiamu ni laini. Pete ya nje ikianza kuzunguka ndani ya nyumba, hata beringi ya dhahabu haitakusaidia. Utaanza kupigapiga alama za sentapanchi kando ya tundu ili libane, ujanja ambao nimeuona kwenye injini tatu hapa mjini na zote tatu zilirudi kwa fundi.

Kuna pia jambo la takwimu ambalo wahandisi walilifahamu mapema. Lundberg na Palmgren, Waswidi wawili, walichapisha mwaka 1947 hesabu ya maisha ya beringi ambayo bado ni msingi wa katalogi za leo. Hesabu hiyo haikwambii beringi yako itakufa lini. Inakwambia kundi kubwa la beringi zilizo sawa litafika wapi kabla moja kati ya kumi haijachoka. Inasema pia kwamba ukiongeza mzigo mara mbili, maisha ya beringi ya gololi yanashuka hadi sehemu moja ya nane. Lakini ukisikiliza mafundi, beringi chache sana zinafika kwenye uchovu huo wa vitabuni. Nyingi huuawa njiani: vumbi, ukosefu wa oili, maji, au nyundo ya aliyeiingiza.

Nyundo. Hapo ndipo ubishi wetu ulipoishia, na aliyeumaliza hakuwa abti wala mimi.

"Nani aliitoa hii kwenye krenki?" fundi aliuliza, ameshika ile ya upande wa klachi.

"Kijana wako," nikasema.

"Kwa kifaa gani?"

Kwa pula, kile chombo cha kuvutia beringi. Tulimwita kijana. Akaeleza kwa mikono: makucha ya pula aliyapachika kwenye pete ya nje, kwa sababu ya ndani ilikuwa imekaa kwenye bega la krenki na makucha hayakupata pa kushika. Akakaza mpaka ikatoka kwa kishindo. Fundi hakumgombeza. Aliiweka beringi siniani taratibu, kama mtu anayerudisha chenji ya watu.

Ukivuta beringi kwa pete ya nje wakati pete ya ndani ndiyo iliyokwama, nguvu yote inapita kwenye gololi. Gololi inabonyeza njia yake na kuacha kidonda kidogo ambacho jicho halioni na kidole hakisikii. Injini itakisikia, siku moja, kwa mizunguko elfu kadhaa kwa dakika. Beringi iliyotolewa hivyo haipimwi tena kwa sikio. Hukumu yake imeshatolewa na pula.

Abti akauliza kama zile ndogo za giaboksi nazo zimevutwa. Hazikuvutwa. Fundi mwenyewe aliipasha moto nusu ya injini juu ya jiko, akaigeuza, zikadondoka zenyewe kwenye gunia. Akazijaribu moja moja kwa kidole na sikio. Zilikuwa kimya kama maziwa kwenye kibuyu. "Hizi zinarudi," akasema, na sasa ni abti aliyetabasamu. Sili za krenki hazikujadiliwa. Kwenye tustroki, sili ikivuja upande mmoja injini inavuta hewa na kuungua. Ikivuja upande wa pili inakunywa oili ya giaboksi na kufuka moshi kama tanuri la mkaa. Mpira wa miaka thelathini haubembelezwi.

Krenki ilisafiri Nairobi. Ilibidi, kwa sababu konrodi nayo ilikuwa inacheza, na krenki ya namna hii imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja. Kuifungua na kuinyoosha tena kunahitaji mashine ya kushindilia na mtu mwenye subira ya kupima sehemu za mia za milimita. Watu wa namna hiyo unawapata Barabara ya Kirinyaga na vichochoro vyake. Tuliifunga kwa gunia, tukaandika jina la mpokeaji kwa kalamu ya wino mnene, ikapanda basi. Tulimwomba mwenye karakana anunue beringi kwa wakala, si barabarani, na atutumie picha ya kasha na ya chuma chenyewe. Kurudi kulichukua wiki tatu. Katika siku hizo fundi alinisimulia jinsi alivyoondoka Mandera Desemba 2014, baada ya mauaji ya wachimba mawe 36 kule Koromey, wakati wageni wengi, walimu na wauguzi, walifungasha mizigo yao. Alikaa Kitui akitengeneza Boksa, injini ambazo anasema hazina maneno mengi. Alirudi. Sababu hakuitaja, nami sikumchimba.

Siku ya kufunga, beringi mpya zililala usiku kucha kwenye friza ya mama muuza barafu, ndani ya mfuko, kando ya chupa za maziwa ya ngamia. Asubuhi fundi aliweka nusu ya injini juu ya jiko ambalo dakika chache kabla lilikuwa likipika anjera. Alidondoshea aluminiamu mate kidogo kwa ncha ya kidole. Yaliporuka na kutatarika, akasema tayari. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma kinachotengeneza beringi, na nyumba ya milimita 52 ikipanda nyuzi 70 inafunguka kama sehemu nane za mia za milimita. Beringi iliyotoka kwenye barafu imesinyaa sehemu nyingine tatu. Si kitu kwa macho. Lakini nilimwona akiiachia kwa vidole viwili, ikazama kwenye nyumba yake kwa sauti moja, tok, kama kete ya bao ikiingia shimoni. Nyundo ilikuwa juu ya rafu na haikuguswa.

Kule Nairobi kuna maonyesho ya magari na pikipiki za zamani, Concours d'Elegance, yanayofanyika tangu 1970, ambako waamuzi hupitisha vidole chini ya madigadi kutafuta vumbi. Ya kwetu hatukuipaka hata rangi. Abti aliipanda hadi Neboi na kurudi, bila kofia ya chuma, jambo ambalo tuligombana juu yake jioni yote.

Beringi nne zilibaki: mbili za zamani zilizohukumiwa na mbili nilizonunua kwa haraka. Wavulana wa jirani walikuwa wakiunda mkokoteni wa mbao, ule wa kusukumana kwenye lami, nao walikuwa wakizivizia tangu siku ya sinia. Niliwapa zote, gurudumu moja moja kila pembe. Siku ya tatu walirudi, wameshika zile mbili mpya, gololi zikimwagika kiganjani.

"Adeer," mkubwa wao akaniambia, "huna nyingine za zamani?"